Jibini ya Jirani

Mkunga Oriane aliandika orodha kwa kalamu ya kijani
akaibandika mwenyewe kwenye mlango wa friji yangu
kana kwamba hakuniamini:
maziwa mabichi, hapana;
samaki wa moshi, hapana;
nyama iive mpaka moyoni;
na jibini laini (hapo alisita,
akatazama kucha zangu zilizoliwa na chumvi),
jibini laini, Armelle, hapana.

Mimi.
Mimi ninayeamka saa kumi alfajiri,
milima ya Jura ikiwa imejifunika theluji gubigubi,
nikakamua ng'ombe kumi na wanane,
nikagandisha maziwa kabla hayajasahau joto la kiwele,
nikaifunga kila jibini mkanda wa gome la msonobari
kama kitoto kinavyofungwa nepi.
Mfinyanzi hulia gaeni, sawa,
lakini gae angalau ni lake.

Sasa naonja kwa kidole gumba.
Nabonyeza: hii bado, hii kesho, hii imepita.
Kila Ijumaa Oriane hunibonyeza mimi vivyo hivyo,
macho yake yakiangalia dirishani.
Ulimi nimemwazima Thibaud,
na ni ulimi wa hasara:
kwake kila kitu ni kitamu.

Kijidudu chenyewe sijawahi kukiona.
Wanasema hakinuki, hakibadili rangi ya chakula,
na kwenye baridi, wenzake wanapolala,
chenyewe huzaana polepole, bila haraka ya mtu.
Mama humpa homa ya siku mbili tatu, ukadhani mafua,
kisha kinapita,
kinakwenda kubisha mlango wa ndani.

Mama mkwe, Huguette, aliicheka orodha ile.
"Watatu nimezaa, nikiila kwa kijiko!
Watazame walivyo majitu,
hawapiti mlangoni bila kuinama."
Akaniwekea kipande mezani, kinatiririka, kinanukia zizi na msitu.
Mate yalinijaa. Nikatoka nje nikasimama kwenye baridi
mpaka nikasikia amekifunika.

Halafu Jumanne moja ya Februari
niliamka na mwili mzito, mgongo unauma,
paji la uso lina moto kidogo tu.
Kidogo tu, nilisema, nikatafuta viatu vya zizini.
Huguette alinigusa shingo kwa nyuma ya mkono.
Hakusema neno. Alinyakua funguo za gari,
yeye ambaye haendeshi theluji ikianguka,
akaendesha kilomita arobaini na moja,
midomo ikihesabu kona.

Hospitali walichukua damu, chupa baada ya chupa.
Tuliketi kwenye viti vya plastiki,
chini ya saa iliyokuwa nyuma kwa dakika sita.
"Wanne," akasema.
Nilidhani anahesabu watu kwenye foleni.
"Nilizaa wanne. Wa pili alikuwa Ambroise. Mwezi wa saba.
Nilipata homa siku mbili, nikaendelea kukamua.
Hakuna aliyeniuliza nilikula nini.
Hakukuwa na orodha."
Kisha akasimama kwenda kumwambia muuguzi
kwamba saa yao imekufa.

Yalikuwa mafua. Mafua ya kawaida, ya kutoka pua.
Hata hivyo walinilaza usiku mmoja,
na mtoto alicheza ngoma mpaka alfajiri.

Keshoye Huguette aliingia jikoni, koti limejaa theluji,
akatoa kwapani karatasi iliyofungwa kwa uzi:
jibini ngumu, iliyopikwa, iliyokaa mwaka mzima ghalani,
ganda limekatwa kina cha kidole.
Niliitambua rangi. Ni ya Fourneret,
mzee tusiyesalimiana naye tangu kesi ya ua.
"Umekwenda kwake?"
"Nimebisha. Akafungua. Kula."

Nikala. Mungu anisamehe mimi na ng'ombe wangu wote,
ilikuwa tamu.
Nilipoinua macho nimwambie si mbaya sana,
alikuwa kwenye sinki, mikono imepindwa mikono,
anaosha letasi jani kwa jani,
maji ya kwanza, ya pili,
ya tatu,
ya nne.